Hans Meyer alijipanga mara tatu

Umekulia joto la Lafey na sasa unataka kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza? Basi mjue Hans Meyer, Mjerumani aliyezaliwa 1858. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. Hakuwa na vifaa vya kuipandia. 1888 ndo mbaya zaidi: alitekwa na wapiganaji wa Abushiri, akakombolewa kwa pesa. 1889 akarudi na Ludwig Purtscheller, mzoefu wa milima, akaweka kambi juu kabisa, chakula kikiletwa toka Marangu. Muini Amani wa Pangani alibaki nao kwenye baridi ile (huyu tunamsahau sana). Oktoba 3 walifika ukingo wa kreta, nguvu zikaisha, wakashuka, wakapumzika. Oktoba 6 wakasimama kileleni. Meyer alifariki 1929.