Kabla ya kuwa barabara, Tom Mboya alikuwa mtu wa ofisi

Ukivunja kioo cha simu unaenda wapi? Ukiwa huku kwetu Kimuka unapanda matatu hadi Ngong, unashika 111 hadi mjini, unaelekea upande wa Luthuli, na mara moja uko Tom Mboya Street. Chaja, laptopu za mtumba, fundi ameketi kwenye kistuli chini ya ngazi. Jina la hiyo barabara unalitaja kila wiki. Sasa nikuulize, huyo mtu mwenyewe alikuwa anafanya kazi gani?

Wengi watasema mwanasiasa. Wengine watasema ni yule aliyepeleka wanafunzi Marekani kwa ndege. Yote ni kweli. Lakini sehemu ya maisha yake inayotugusa sisi watu wa kompyuta na vibarua vya mtandaoni ni ile ya mwanzo, alipokuwa mwajiriwa wa kawaida tu. Cheti kimoja, wakubwa juu yake, na mshahara wa kuudhi.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la mlowezi. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara hapo. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga, kule Ziwa Victoria. Alisoma Kabaa, akaenda Yala, akafika Mang'u, na hapo pesa zikaisha. Mtihani wa Cambridge, ule uliokuwa unafungua milango yote ya wakati huo, hakuufanya. Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo hiki kipande cha hadithi nakisoma nikitabasamu kidogo, ila sitakudanganya. Yeye hakuacha shule akafuate ndoto. Nyumbani karo ilikuwa haitoshi na wadogo zake nao walihitaji kusoma.

Akatafuta kozi ambayo ungelipwa kidogo huku unasoma. Mwaka 1948 akaingia mafunzo ya wakaguzi wa afya, akasomea Jeanes School pale Kabete, na alipomaliza akaajiriwa na kanju ya Nairobi. Kazi yenyewe? Kukagua vyoo, mikahawa, nyama, maziwa. Hakuna aliyeota kufanya hiyo kazi akiwa mtoto, lakini ilikuwa kazi ya ofisi yenye meza na maabara.

Kuna siku moja anayoisimulia mwenyewe katika kitabu chake. Yuko peke yake ofisini, anapima maziwa. Mama mmoja wa Kizungu anaingia na chupa yake, anatazama huku na huku, kisha anauliza kama kuna mtu humu ndani. Mboya yuko mbele yake! Akamuuliza yule mama kama macho yake yana shida. Ebu fikiria, kijana wa miaka ishirini na kidogo, Nairobi ya ukoloni, anajibu hivyo. Mama akachukia sana.

Tukio hilo linachekesha ukilisimulia leo. Lililokuwa halichekeshi ni mshahara. Mkaguzi Mzungu na mkaguzi Mwafrika walifanya kazi ileile, kwa sheria zilezile, halafu Mwafrika akalipwa sehemu ndogo tu ya alichopata mwenzake. Hakuna aliyeficha. Iliandikwa kabisa kwenye ngazi za mishahara kwamba ngozi yako ndiyo daraja lako.

Unadhani hiyo ni historia? Januari 2023 ilitoka habari kwamba Wakenya waliokuwa wakisoma uchafu wa mtandao ili ChatGPT ifundishwe kuukwepa walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Siku hizi hakuna karatasi inayotaja ngozi. Inatajwa nchi uliyoko, na mfumo unakupa bei yako kabla hujafungua kazi ya kwanza. Hapa Kimuka wako vijana wengi wanaofanya hivyo vibarua usiku, kwa tokeni za stima na bando la kuungaunga. Akaunti ikifungwa saa nane za usiku, asubuhi hakuna mlango wa kubisha.

Mboya alikuwa na mlango, na nadhani hiyo ni tofauti kubwa kati yake na sisi. Kanju ilikuwa na jumuiya ya wafanyakazi Waafrika, moja ya zile za kupeleka maombi kwa upole na kungoja jibu. Akachaguliwa kuiongoza. Kufikia 1952 alikuwa ameigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Usipite hapo haraka. Jumuiya inaomba, na bosi akikataa imeisha. Chama kilichosajiliwa kina daftari la wanachama, ada, mweka hazina na nguvu ya kisheria ya kuketi mezani na mwajiri. Ni kazi ya kuchosha kabisa, ya stakabadhi na mikutano ya jioni watu wakitaka kwenda nyumbani. Sijui ni wangapi kati yetu wangeifanya bila kulipwa.

Mwaka uleule, Oktoba 20, hali ya hatari ikatangazwa. Chama cha siasa cha KAU kikapigwa marufuku 1953. Mboya akaachana na kanju, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, lile lililokuja kuitwa KFL. Ana miaka 23. Aprili 1954 jeshi na polisi wakaizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakakamata makumi ya maelfu, zaidi Wakikuyu, Waembu na Wameru, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakiwemo. Yeye kama Mjaluo hakusombwa. Angeweza kunyamaza. Badala yake akaandika barua, kwa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, kwa shirikisho la kimataifa kule Brussels, kwa yeyote aliyeweza kuuliza maswali London. Teknolojia yake ilikuwa taipureta na posta. Aliitumia vizuri kuliko wengi wetu tunavyotumia simu ya elfu themanini.

Halafu ikaja Mombasa, Machi 1955. Makuli wa bandari wamegoma, mji umesimama, askari wako barabarani. Kijana wa miaka 24 kutoka Nairobi anateremka pwani kuongea na watu wenye umri wa baba yake, na ujumbe wake haupendezi. Anawaambia warudi kazini kwanza, kisha madai yao yapelekwe mbele ya baraza la usuluhishi. Wengine walimwona msaliti. Baraza likakaa, likatoa nyongeza ya asilimia 33. Ukiniuliza mimi, siku hizo za Mombasa zilimjenga Mboya kuliko jukwaa lolote la siasa. Alipata namba, na namba mtu anaikuta kwenye bahasha mwisho wa mwezi.

Ya baadaye labda unayajua, nitayapitia haraka. Mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, bila kuchukua digrii. Mwaka 1957 akashinda kiti cha Nairobi katika baraza la kutunga sheria. Desemba 1958 akaongoza mkutano wa watu wa Afrika yote kule Accra akiwa na miaka 28. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81, na waliochanga pesa ni pamoja na Harry Belafonte na Jackie Robinson. Safari za 1960 zilipata msaada wa familia ya Kennedy, na Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Mtu ambaye karo ilimtoa Mang'u akawapeleka mamia vyuo vikuu.

Mwaka 1962 akawa waziri wa leba, na Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na KFL wakatia sahihi mkataba wa mahusiano kazini. Ulisema mwajiri atambue chama, na kukiwa na mzozo watu wazungumze kwa hatua zilizokubaliwa kabla ya mtu kugoma au kufungiwa nje. Kama umewahi kuajiriwa mahali ambapo malalamiko yana utaratibu, basi utaratibu wenyewe unatokana na mawazo ya siku zile.

Si malaika. Serikali aliyokuwemo ndiyo iliyovunja mashirikisho yaliyokuwa yakishindana mwaka 1965, ikaunda COTU, na rais akapewa usemi wa nani awe katibu mkuu. Mwanachama wa kawaida alipoteza kitu hapo. Na ugomvi wake na Jaramogi Oginga Odinga uliishia mkutano wa Limuru 1966, Odinga akasukumwa nje ya uongozi wa KANU, na Mboya alikuwa mmoja wa waliopanga. Wapo wazee ambao hadi leo hawajamsamehe.

Lakini wazo lenyewe lina uhai. Siku ya wafanyakazi ya Mei 2023, zaidi ya watu 150 waliokuwa wakichuja video na maandishi ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao. Watu wa kompyuta! Wale tunaoambiwa kila mtu apambane na hali yake. Wengi wao walikuwa wamekaa ofisi moja, wakala chakula cha mchana pamoja, na nadhani hilo lilisaidia. Wewe unayefanya kazi chumbani Kimuka, mwenzako yuko Kitale na mwingine Mwanza, na hamjuani hata majina. Mboya hakukutana na tatizo hilo.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alikuwa waziri wa mipango ya uchumi. Aliingia duka la dawa la Chhani, Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alipotoka akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38, angetimiza 39 mwezi uliofuata. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa akanyongwa mwaka huohuo, na inasimuliwa kwamba alipokamatwa alishangaa kwa nini wanamsumbua yeye na kumwacha yule mkubwa. Ibada ya Holy Family iliishia kwa mawe na gesi ya machozi. Wakamrudisha Rusinga kwa barabara, watu wamejipanga njiani mji baada ya mji, na kaburi lake liko huko hadi leo, ndani ya jengo lenye umbo la risasi.