Siti binti Saad: Mwanafunzi Aliyepita Miaka Thelathini



Halmashauri ya mkutano wetu wa Cedar Hill ilipoamua kwamba kijitabu cha safari hii kigusie maendeleo ya mtu katika kazi na katika nafsi yake, nilitakiwa niandike maisha ya mtu mmoja maarufu aliyekwisha kufariki zamani. Majina ya wanasiasa yalinijia kwanza, nikayaacha. Nimemchagua mwanamke ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Sababu yake ni neno ninalolisikia mno katika nyumba zetu, Dallas na Houston, kwamba mtu akishapita miaka thelathini kichwa kimekwisha kufunga, na kilichobaki ni kulipa bili na kungoja watoto wafanikiwe.

Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Utumwa ulikuwa bado halali Zanzibar wakati huo, maana sheria ya kuukomesha ilitoka mwaka 1897, na jina alilopewa mtoto huyo lilikuwa Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilolipata baadaye mjini. Vijana wetu waliozaliwa huku wasilipite jambo hili mbio. Binti huyu aliitwa kila siku kwa jina lililomwonyesha mahali pake duniani, na hapana mtu aliyetazamia aondoke mahali hapo.

Kazi ya nyumba yao ilikuwa ufinyanzi. Alijifunza kwa mama yake kufinyanga vyungu na kuvichoma, kisha akavibeba kwenda kuviuza mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 15 kwa miguu. Njiani aliinadi bidhaa yake kwa kuimba, na inasimuliwa kwamba watu waliitambua sauti yake kabla hawajamwona mwenyewe. Basi sauti alikuwa nayo tangu Fumba. Lakini aliitumia miaka mingi, na haikumletea zaidi ya kuuza vyungu.

Mwaka 1911, mwaka aliotawazwa Sultan Khalifa bin Haroub, Siti alihamia mjini. Umri wake ulikuwa kiasi cha miaka 31. Huko alikutana na Ali Muhsin, mmoja wa wanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905. Taarab ya siku hizo ilikuwa mambo ya wakubwa. Sultan Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri katika karne iliyotangulia, ikaimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Ali Muhsin alikubali kumfundisha mwanamke wa shamba asiyejua herufi.

Hapa ndipo ninapotaka tutue kidogo. Mtu asiyesoma hana daftari la kumkumbusha jana alifundishwa nini. Kila beti humpasa alishike kwa masikio, alirudie, asahihishwe, alirudie tena. Matamshi ya Kiarabu yana herufi ambazo ulimi wetu wa Kibantu huzikwepa. Siti aliyasoma hayo akiwa mtu mzima, mbele ya watu waliolelewa nayo. Alijifunza pia kuisoma Kurani kwa moyo, na baadaye akaweza kuimba hata kwa Kihindi. Tunapenda kusema kwamba alikuwa na kipaji, tukadhani tumekwisha kueleza kila kitu. Mimi naona neno hilo hutumika mara nyingi kama kisingizio cha sisi wengine kukaa kitako.

Alipoanza kusifiwa, maneno yalianza. Wapinzani wake walimsema kwa nyimbo: ametoka shamba, amekuja na kaniki, na lau si sauti asingekuwa na chakula. Lugha hiyo wengi wetu tunaijua, maana hata ugenini watu hukumbushana walikotoka wakati mmoja wao anapoanza kusogea mbele. Siti alijibu kwa wimbo pia. Hakudai ukoo asiokuwa nao. Aliliondoa shauri lote katika sura na nasaba, akalipeleka kwenye akili, akawaacha huko.

Pamoja na Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban aliunda kundi lililoimba kwa Kiswahili, na watu wa Ng'ambo wakasikia mambo yao wenyewe yakitajwa katika taarab. Nyumbani kwake walikusanyika usiku kuzungumza habari za mji na za mahakamani, na nyingine zikawa nyimbo. Wimbo wa Kijiti ulisimulia mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa Unguja, mwuaji akatoroka, na walioadhibiwa wakawa wengine. Mwimbaji wa kutumbuiza tu asingethubutu.

Mwaka 1928 walipanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Siti alikuwa na umri wa karibu miaka 48. Hata huko ilimbidi ajifunze upya: upande mmoja wa santuri za wakati huo ulichukua kiasi cha dakika tatu, na wimbo uliozoea kunyoshwa barazani hadi hadhira iridhike ulipaswa ukatwe uenee humo. Walirudi Bombay mara nyingine, na santuri zao zikauzwa kwa maelfu katika Afrika Mashariki. Watu wasiowahi kufika Unguja walizisikiliza katika gramafoni, na Kiswahili kikasikika katika santuri kwa sauti ya mwanamke.

Mafunzo aliyoyapata hakuyafungia sandukuni. Miongoni mwa waliojifunza kwa kumsikiliza ni Bi Kidude, ambaye aliendelea kuimba hadi uzeeni na akafariki mwaka 2013.

Mwaka 1950, Shaaban Robert wa Tanga, naye akiwa karani wa serikali kama baadhi yetu tulivyokuwa, alimfikia Siti akiwa mzee, akamsikiliza akieleza maisha yake. Siti alifariki tarehe 8 Julai mwaka huo huo. Wasifu wa Siti binti Saad ulitoka mwaka 1958, na mwishoni mwa miaka ya 1980 chama cha waandishi wa habari wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha gazeti lake, kiliita Sauti ya Siti. Nakala ya Wasifu huo nitakuja nayo Cedar Hill, na atakayetaka kuiazima ajiandikishe kwangu mezani.