Alitafuta Asili ya Wahungaria, Akapata Kamusi ya Kitibeti

Kuna wanafunzi wa uzamili ambao likizo yao ndefu siyo ya kulala. Wanaosoma taaluma ya Ubudha, iwe Ulaya, Marekani au Nepal, wengi huimalizia kwenye kozi fupi: Kitibeti au Kisanskriti asubuhi, mbinu za utafiti mchana, jioni kusoma maandiko ya kale. Wakifika darasani kamusi ipo, sarufi ipo, madesa yapo. Miaka mia mbili iliyopita Mzungu aliyetaka kujua Kitibeti ilibidi afanye kama Alexander Csoma de Kőrös, na sidhani kama wengi wetu tungemaliza hata muhula mmoja.

Csoma alizaliwa 1784 katika kijiji cha Kőrös, Transylvania, eneo ambalo leo liko Romania. Kwao hakukuwa na hela. Chuo cha Nagyenyed alisoma kwa kufanya kazi, akiwatumikia wengine ili apate chakula na pa kulala. Kati ya 1816 na 1818 alikuwa Göttingen, Ujerumani, akaongeza Kiarabu na Kiingereza juu ya lundo la lugha alizokuwa nazo tayari.

Mada yake ya utafiti ilikuwa moja tu: Wahungaria walitoka wapi? Aliamini asili yao iko Asia ya ndani, huko wanakoishi Wauighuri. Basi mwishoni mwa 1819 akafunga kimfuko chake, akaondoka kwa miguu. Alitaka kupitia Constantinople, tauni ikamzuia. Akapita Misri, Siria, Baghdad, Tehran, Bukhara, Kabul. Sehemu nyingine alipanda mashua, nyingine alifuata misafara ya wafanyabiashara, nyingine alitembea. Juni 1822 alikuwa Leh, mji wa Ladakh, akitaka kuvuka milima kwenda Yarkand. Haikuwezekana. Njia ilikuwa ghali na ya hatari.

Njiani akirudi Kashmir akakutana na Mwingereza, William Moorcroft, daktari wa mifugo wa Kampuni ya India Mashariki. Moorcroft alimwazima kitabu kuhusu Kitibeti kilichochapwa Rome 1762, kitabu kizito chenye makosa tele. Waingereza walikuwa wanamtaka mtu wa kujifunza lugha ile, kwa sababu ya biashara na kwa kuwaogopa Warusi. Csoma alikuwa na sababu yake: huenda maktaba za Watibeti zina habari za kale za Wahungaria. Akakubali. Siku hizi ukibadili mada namna hiyo katikati ya safari, msimamizi anakurudisha ukaandike pendekezo upya.

Juni 1823 akafika Zangla, katika bonde la Zanskar, akakaa miezi 16 na lama mmoja, yaani mwalimu wa dini wa Kibudha, jina lake Sangye Phuntsog. Huyu hakuwa mzee wa kijijini wa kuulizwa maswali ya hojaji na kuachwa. Alikuwa msomi aliyejua tiba, unajimu, sarufi na vitabu vya dini yake. Wakati wa baridi mwalimu, mwanafunzi na mtumishi walifungiwa na theluji miezi mitatu au minne katika chumba cha futi 9 kwa 9. Moto hawakuwa nao, na giza likiingia hawakuwa na taa. Csoma alijifunika ngozi ya kondoo, akasoma tangu asubuhi hadi jioni, akalala sakafuni. Wewe unayelalamika kwamba hosteli umeme umekatika wiki ya mitihani, hebu fikiria hapo kidogo.

Aliposhuka India mwishoni mwa 1824, maofisa wa mpakani wakamshika wakidhani ni jasusi. Ilibidi aandike maisha yake yote kwa barua ndefu kujieleza. Baadaye serikali ya Kampuni ikamkubali na kumpa rupia 50 kwa mwezi. Hilo ndilo lilikuwa bumu lake, na karibu nusu lilikwenda kwa lama.

Safari ya pili, katika monasteri ya Phuktal, haikuzaa sana. Mwalimu alikuwa na shughuli zake, na Csoma akarudi 1827 amekata tamaa. Ya tatu ndiyo iliyofaulu: Kanam, 1827 hadi 1830, yeye na Sangye Phuntsog tena, wakipitia neno kwa neno. Mwaka 1834 kamusi na sarufi vikachapwa Calcutta.

Hapa nataka tusimame kidogo. Ukifungua kamusi ile, ukurasa wa jina kabisa umeandika kwamba imetayarishwa kwa msaada wa Sangye Phuntsog, lama msomi wa Zanskar. Jina lake limetangulia la Csoma. Huu ulikuwa mwaka 1834, chini ya watawala waliokuwa wakichukua maarifa ya wenyeji na kuyapa majina yao wenyewe. Lakini angalia vitabu vingi vilivyokuja baadaye: kamusi ya Csoma, kamusi ya Csoma, basi. Lama amebaki kwenye ule ukurasa tu. Na sisi tunaokwenda uwandani na daftari, tukarudi na maarifa ya bibi fulani yameandikwa kwenye tasnifu kama mtoa taarifa namba 7, sina hakika tunamzidi.

Mwaka 1836 Csoma alitoa uchambuzi wa mkusanyo mkuu wa maandiko ya Kitibeti, Kangyur wenye juzuu 100, na ule wa Tengyur wenye juzuu 225. Ikaonekana wazi kwamba sehemu kubwa ni tafsiri kutoka Kisanskriti, yaani Ubudha wa India ulikuwa umehifadhiwa ng'ambo ya Himalaya. Eugène Burnouf kule Paris alitumia kazi hiyo pamoja na miswada ya Kisanskriti iliyotoka Nepal.

Na ile mada ya kwanza? Alikosea njia. Jamaa wa karibu wa Kihungaria kwa lugha ni Wakhanty na Wamansi wa Siberia ya magharibi. Kitabu cha Sámuel Gyarmathi kilicholinganisha Kihungaria na lugha za jamii ya Kifini kilikuwa kimechapwa Göttingen hapohapo, 1799. Lakini Wahungaria wengi wa enzi zile hawakupenda kuambiwa ni ndugu wa wavuvi wa kaskazini. Mapitio ya maandiko nayo yana siasa zake.

Csoma mwenyewe hakuiacha mada. Mwaka 1842, umri ukikaribia miaka 58, aliondoka Calcutta kwenda Lhasa, bado akiwatafuta mababu zake. Nyanda za chini zenye mbu zilimpa homa, akafia Darjeeling tarehe 11 Aprili. Mali aliyoiacha ilikuwa masanduku manne ya vitabu na karatasi, suti ya buluu aliyoivaa siku zote, mashati machache na sufuria moja.