Geoffrey Milne, jamaa aliyeusoma udongo kama mnyororo

Ukipanda matatu ya Homa Bay kwenda Rongo, chungulia dirishani. Huku karibu na ziwa udongo ni mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa, mvua ikinyesha boda inakwama na abiria anashuka kusukuma. Ukizidi kupanda kuelekea Rongo, udongo unaanza kuwa mwekundu. Wenyeji wanajua hayo tangu zamani. Aliyeyatia kwenye vitabu vya chuo ni Geoffrey Milne, na ukisomea sayansi ya udongo leo, Kabete ama ng'ambo, utakutana naye mapema tu.

Milne alikuwa mwanakemia Mwingereza. Mwaka 1928 alifika Amani, kule milima ya Usambara, Tanganyika. Hicho kilikuwa kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, Waingereza wakakirithi baada ya vita. Akawa na kibarua cha kuongoza uchoraji wa ramani ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Zote! Na enzi hizo setilaiti hakuna.

Sasa shida ikawa hapa. Kwenye ramani yenyewe, sentimita moja ilikuwa kilomita 20 ardhini. Yaani kutoka Homa Bay hadi Rongo, ukinyoosha mstari, ni kama sentimita moja na nusu. Na ndani ya hapo kuna vilima kibao, kila kimoja chekundu juu, cheusi chini. Utavipaka rangi gani?

Mwaka 1935 Milne alitoa jibu. Aliacha kuhesabu udongo mmoja mmoja, akauchukua mteremko mzima kama kitu kimoja. Akauita katena, neno la Kilatini la mnyororo. Juu ya kilima maji hupita haraka, hewa inaingia, chuma kilicho kwenye udongo kinapata kutu, ndio ule wekundu. Mvua inabeba chembe laini na madini kama kalsiamu hadi bondeni. Huko maji hutuama, na unazaliwa ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kila udongo umeungana na jirani yake wa juu na wa chini. Mnyororo huo unajirudia kilima baada ya kilima, kwa hivyo unaupa rangi moja kwenye ramani na mambo yanaenda. Ramani ikatoka 1936.

Kwa mkulima hii si hadithi ya darasani. Shamba likiwa kwenye mteremko, ukichota sampuli ya juu pekee ukaipeleka maabara, majibu hayahusu mahindi yako ya chini. Unaweza kumaliza pesa za mbolea ukilisha udongo ambao hukuupima.

Ninachompendea Milne ni kwamba hakukimbilia Kizungu kwa kila kitu. Ule udongo mweusi wa bondeni aliuita mbuga, na neno letu likaingia kwenye majarida ya sayansi. Lakini tusimpambe sana. Alikuwa mtu wa serikali ya kikoloni, na waliochimba mashimo aliyoyasoma hawatajwi popote kwenye kozi.

Mwaka 1938 alizunguka Marekani na visiwa vya Karibi akiangalia udongo wa huko. Akafariki 1942. Taarifa ya safari yake kubwa ya Tanganyika, ile ya Desemba 1935 hadi Februari 1936, ilichapishwa 1947 wakati mwenyewe hayupo.

Miaka ya sabini wanafunzi wa chuo cha kilimo cha Wageningen, Uholanzi, walipiga kambi Kisii kujifunza kazi hiyo hiyo ya kupima udongo. Walifika hadi sehemu za South Nyanza ya zamani, ndio Homa Bay na Migori za leo. Kitabu chao kilitoka 1982. Vijana walivuka bahari kuja kusoma udongo wetu, na sisi tukiitwa kwa kozi hiyo tunaomba kubadilishiwa.