Fanny Crosby: Aliyeisoma Biblia kwa Masikio

Kamati ya jubilii ilipotuomba maisha ya mtumishi mmoja wa zamani kwa ajili ya kijitabu hiki, hatukuchukua muda kumchagua. Usinipite Mwokozi tumeuimba tangu shule ya Jumapili, tumeuimba matangani na kwenye mikesha, ila jina la mama aliyeutunga halitajwi sana.

Frances Jane Crosby, aliyeitwa Fanny, alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 mashambani katika jimbo la New York, Marekani. Akiwa na wiki sita hivi aliugua macho, na mtu mmoja aliyejidai daktari akamwekea dawa ya moto ya haradali. Familia yake iliamini kwamba hiyo ndiyo iliyompofusha. Mwaka huohuo baba yake akafariki. Mama akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu, na mtoto akawa analelewa zaidi na nyanya yake, Eunice, aliyemweleza rangi za maua na milio ya ndege, na kumsomea Neno.

Baadaye walihamia Ridgefield, Connecticut, na hapa tunaomba tukae kidogo. Mwenye nyumba waliyopanga, Bi. Hawley, alimpa msichana huyu kazi ya kukariri sura tano za Biblia kila wiki. Bi. Hawley alisoma, Fanny akasikiliza, akarudia mpaka zikakaa. Sisi wa chuo cha ualimu tunapenda hesabu, basi tulihesabu. Injili zote nne zina sura 89, kwa hiyo kwa sura tano kila wiki ni wiki 18. Vitabu vitano vya Musa vina sura 187, na hizo ni wiki 38, hata kwenye zile orodha za vizazi na sheria ambazo wengi huziruka. Alipofika miaka 15 alikuwa amezishika Injili, vitabu vya Musa, Mithali, Wimbo Ulio Bora na Zaburi nyingi.

Mwaka 1835 aliingia shule ya vipofu jijini New York, akasoma, kisha akabaki kufundisha hapohapo hadi mwaka 1858. Mwaka 1849 kipindupindu kiliingia mjini. Fanny hakukimbia. Alibaki akiuguza wagonjwa, na baadhi ya wanafunzi wakafa.

Msiba ule ulimfunulia jambo ambalo sisi waimbaji tunafaa kulitazama vizuri. Mwalimu huyu wa karibu miaka 30 alikuwa na Injili nzima kichwani, na bado hakuwa na amani moyoni. Alijiona hayuko tayari kufa. Maneno aliyokuwa ameyarudia tangu utotoni alikuwa bado hajayapokea kama habari inayomhusu yeye mwenyewe. Mtu anaweza kuijua sauti yake ya tatu bila kosa miaka kumi, na wimbo wenyewe usimguse.

Katika majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka 1850 alihudhuria mikutano ya uamsho ya Wamethodisti. Mara mbili alikwenda mbele kuombewa, akarudi kama alivyokwenda. Mara ya tatu, tarehe 20 Novemba, watu wakiimba wimbo wa Isaac Watts juu ya mateso ya Mwokozi, alijitoa kwa Mungu, na amani aliyoitafuta ikaja. Tangu siku hiyo zile sura hazikuwa tena somo la kukariri. Tunaamini nyimbo zake zilitoka hapo, ingawa alianza kuwatungia wachapishaji nyimbo za ibada mwaka 1864 tu, akikaribia miaka 44.

Alitunga kichwani, akamaliza beti zote, kisha akamwomba mtu amwandikie. Usinipite Mwokozi aliutunga mwaka 1868, na Ndiyo Dhamana mwaka 1873, baada ya rafiki yake Phoebe Knapp kumpigia sauti mpya aliyokuwa ameibuni. Kwa jumla alitunga nyimbo zaidi ya 8,000, nyingi mno hata wachapishaji wakatumia majina mengine ya bandia ili kitabu kisionekane ni cha mtu mmoja. Kila wimbo ulimletea dola moja au mbili tu. Aliishi kwa unyenyekevu, na miaka mingi alikuwa akienda kwenye nyumba za misheni huko Manhattan kukaa na walevi na wasio na makao.

Alifariki tarehe 12 Februari 1915 huko Bridgeport, Connecticut, akikaribia miaka 95.

Leo, katika sehemu ya pili ya ratiba, tutaziimba nyimbo zake hizo mbili, na tunaomba ushirika wote usimame kwenye ule wa pili. Na kuanzia mazoezi ya Alhamisi ijayo, kabla ya kupasha sauti, tutasoma pamoja Injili ya Marko, sura moja kila wiki, kwa wiki 16. Wasiokuwa wanakwaya wanakaribishwa. Anayesumbuliwa na macho, au asiyependa maandishi madogo, aje tu asikilize.