Rwagasore: mwana wa Mwami aliyeitanguliza nchi

Msomaji, tuanze na swali unalolijua vizuri. Mtu usiyemfahamu akikuuliza wewe ni nani, unajibu nini kwanza? Unataja nchi yako, kabila lako au dini yako?

Huenda jibu hubadilika kulingana na anayeuliza. Kwenye dawati la usajili unataja nchi. Siku ya ibada unataja dini. Na siku ya hofu unaweza kunyamaza kabisa, kwa sababu umewahi kuona jibu moja likimgharimu mtu maisha yake.

Leo tunakuletea maisha ya mtu aliyelijibu swali hili hadharani, akalipwa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 29. Kama umewahi kuishi Bujumbura, jina lake umelitamka mara nyingi. Katikati ya jiji, katika eneo la Rohero lenye kanisa kuu la Regina Mundi, barabara kubwa inaitwa Prince Louis Rwagasore. Panda upande wa milimani hadi Vugizo, na hapo utakuta kaburi lake, likilitazama jiji na Ziwa Tanganyika. Kama wewe ni Mkongomani, Msudani Kusini au mwenyeji wa hapa, jina hilo linaweza kuwa geni kwako, lakini habari yake si ngeni.

Mtoto wa ikulu

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, mfalme wa Burundi, na mama yake aliitwa Thérèse Kanyonga. Alikuwa wa tabaka la baganwa, yaani watu wa ukoo wa kifalme. Baganwa hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Walikuwa juu ya wote wawili, na Mwami alikuwa baba wa wote.

Usidhani hata hivyo kwamba nyumba ya kifalme ilikuwa na amani. Baganwa waligawanyika katika koo zilizoshindania madaraka kwa miaka mingi. Kubwa zilikuwa mbili, Wabezi na Wabatare. Rwagasore alikuwa Mbezi. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia.

Wakati huo Burundi ilikuwa chini ya Ubelgiji, ikitawaliwa pamoja na Rwanda kwa jina la Ruanda-Urundi. Wabelgiji walipopanga upya utawala, machifu Wahutu waliokuwepo waliondolewa, na kufikia mwaka 1945 hakuna hata mmoja aliyebaki. Kabila, ambalo zamani lilikuwa jambo moja kati ya mengi katika maisha ya mtu, likawa mlango wa kuingia shule na kazi, au ukuta wa kukuzuia.

Rwagasore alisoma shule za nyumbani, kisha chuo cha Astrida nchini Rwanda, mji unaoitwa Huye siku hizi. Baadaye alikwenda kusoma Antwerp, Ubelgiji. Aliporudi mwaka 1956 angeweza kuwa chifu, akapokea heshima yake na kukaa kimya.

Kwanza biashara, halafu siasa

Hakuanza na hotuba. Alianza na biashara. Mwaka 1957, mjini Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, alisaidia kuanzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika. Nia yake ilikuwa wachuuzi wadogo wanunue bidhaa kwa pamoja, wasiwe kila siku mikononi mwa wafanyabiashara wakubwa wa kigeni.

Waliomuunga mkono tangu mwanzo walikuwa watu wa mitaa ya Waafrika kama Buyenzi na Bwiza. Wengi wao walikuwa Waislamu waliozungumza Kiswahili, lugha hii hii unayosoma sasa. Baadhi ya wazee wao walikuwa wametoka Tanganyika, Kongo na pwani. Kwa watu wengi wa milimani hao walikuwa Waswahili tu, wageni wa mjini, wasio na kilima cha asili wala chifu. Waliishi Burundi, walizaa Burundi na walizika Burundi, lakini waliulizwa kila mara kwao ni wapi.

Fikiria jambo hilo kidogo. Mwana wa Mwami, Mkatoliki aliyebatizwa jina la Louis, anaketi na wauza duka Waislamu wa Buyenzi na kupanga nao namna ya kununua mzigo. Hakuwataka wabadili dini yao wala wafiche asili yao. Alichotaka ni wachange fedha na wafanye kazi pamoja.

Ushirika ule ulipata matatizo makubwa ya fedha, na serikali ya kikoloni iliutazama kwa jicho baya. Lakini ulimpa Rwagasore kitu ambacho wanasiasa wengine hawakuwa nacho, nacho ni watu wa kawaida wanaomjua kwa sura na kwa kazi.

Chama cha watu wa kila namna

Kutoka hapo alijiunga na chama cha UPRONA, chama cha umoja na maendeleo ya taifa, naye akawa sura yake. Chama kilidai uhuru wa haraka. Rwagasore alifahamiana na Julius Nyerere wa Tanganyika, na njia zao zilifanana: kuweka taifa mbele, kabila nyuma, na dini iachiwe mtu na Mungu wake.

Ndani ya UPRONA walikuwemo Wahutu kama Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe, Watutsi, baganwa kama shemeji yake André Muhirwa, na Waislamu wa mjini. Mwezi Septemba 1959 Rwagasore alimuoa Marie-Rose Ntamikevyo, mwanamke wa Kihutu. Watoto wao wawili wa kike walifariki wakiwa wachanga.

Miezi miwili baada ya harusi hiyo, Novemba 1959, nchi jirani ya Rwanda iliwaka moto. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na wakimbizi wakaanza kuvuka mpaka. Warundi waliona kwa macho yao kabila likiwekwa mbele ya kila kitu kunatokea nini.

Wabelgiji hawakumpenda Rwagasore. Walitoa amri iliyowazuia ndugu wa karibu wa Mwami kushika nafasi za siasa, naye akabaki mshauri tu wa chama chake. Ulipofika uchaguzi wa wilaya mwishoni mwa 1960, alizuiliwa Bururi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Chama cha PDC, kilichobeba jina la Ukristo na kuongozwa na baganwa wa ukoo wa Wabatare, kilipata viti 942 kati ya 2,876. UPRONA ilipata 545.

Umoja wa Mataifa uliingilia kati, na Rwagasore akarudi ulingoni. Tarehe 18 Septemba 1961 Warundi walichagua bunge lao. UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64, na waliochaguliwa kwa tiketi yake walikuwa Wahutu, Watutsi na baganwa. Siku chache baadaye Rwagasore akawa waziri mkuu.

Tuseme ukweli wote, msomaji. Si kila aliyempigia kura aliyakubali mawazo yake kuhusu taifa. Wengi walimchagua kwa sababu ni mwana wa Mwami, na Mwami waliyemheshimu alikuwa alama ya nchi yote. Nasaba yake ilimsaidia, naye aliitumia. Tofauti ni kwamba aliitumia kukusanya watu, wakati wengine walitumia nasaba kuwatenga.

Usiku wa Oktoba 13

Alikaa kwenye uwaziri mkuu kwa wiki mbili tu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961 alikuwa akila chakula cha jioni katika Hoteli Tanganyika, Usumbura. Mtu aliyejificha nje gizani alimpiga risasi, akafa.

Sasa kumbuka lile tulilosema kuhusu koo. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki aliyeitwa Jean Kageorgis. Lakini waliotiwa hatiani kwa kupanga njama walikuwemo viongozi wa PDC, Jean-Baptiste Ntidendereza na ndugu yake Joseph Biroli. Hao walikuwa baganwa kama yeye, watoto wa chifu mkubwa wa Wabatare. Hawakuwa wa kabila lingine, na walitoka katika tabaka lile lile la kifalme.

Hapo ndipo pa kutafakari. Mara nyingi tunafundishwa kwamba hatari inatoka kwa yule asiyefanana nasi, na kwamba tukibaki na watu wetu tuko salama. Rwagasore alikula na kufanya kazi na Wahutu, Watutsi na Waislamu. Risasi ilipangwa na watu wa nyumba ya kifalme.

Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine watano, wakiwemo Ntidendereza na Biroli, walinyongwa Gitega Januari 1963.

Kilichofuata

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila mtu aliyeipigania zaidi. Chama chake kikaanza kupasuka, na mipasuko ikafuata kabila. Ngendandumwe, aliyekuwa waziri mkuu, aliuawa Januari 1965. Mirerekano naye aliuawa mwaka huo huo. Ufalme ulifutwa 1966. Mwaka 1972 yakaja mauaji makubwa, na Warundi wengi wakakimbilia Tanzania, wakapokelewa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 1993 rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita ikaanza. Huenda wewe au wazazi wako mko ukimbizini kwa sababu ya moja ya miaka hiyo, au ya 2015.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulijibu swali letu kwa njia nyingine. Haukujifanya kwamba makabila hayapo. Uliweka hesabu: jeshini nusu kwa nusu, na katiba iliyoufuata ikaweka kwamba serikalini na bungeni Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi wasizidi 40. Wapo wanaosema hesabu hizo zililinda amani. Wapo wanaosema zinamkumbusha mtu kabila lake kila siku. Wote wawili wana hoja.

Rwagasore aliacha jibu zuri, lakini jibu hilo lilisimama juu ya mtu mmoja. Alipoondoka, hapakuwa na sheria wala taasisi imara ya kulishika. Watu wa pande zote waliendelea kulitaja jina lake, hata wale waliokuwa wakiuana. Kila tarehe 13 Oktoba Burundi inapumzika na kumkumbuka, na maua yanawekwa Vugizo.

Na sisi hapa?

Hapa tunapoishi hakuna Mwami. Kuna foleni ya maji, kuna soko tunalouziana na wenyeji, kuna vikundi vya akiba, kuna uchaguzi wa viongozi wa mtaa. Swali la wewe ni nani linakuja kila siku katika mambo hayo madogo. Kikundi chenu cha akiba kinampokea nani? Kijana wako akileta mchumba wa dini nyingine au kabila lingine, unauliza nini kwanza? Mnapomchagua kiongozi, mnatazama kazi yake au kwao?

Huhitaji kuacha kabila lako wala dini yako. Rwagasore hakuacha vyake: aliishi na kufa akiwa ganwa na Mkatoliki. Aliamua tu kwamba katika mambo ya wote, jambo la wote litangulie. Nasi tuongeze funzo ambalo kifo chake kimetuachia: tusiliache jambo hilo mikononi mwa mtu mmoja mwema. Tuliandike katika kanuni za vikundi vyetu, kamati zetu na soko letu, ili siku yule mwema akihama au akifa, mlango ubaki wazi kwa kila mtu.