Balikuddembe: Mtumishi wa kasri aliyemwambia mkubwa wake ukweli

LUBAGA, Kampala

Mfanyabiashara anayeshuka basi la usiku kutoka Busia, Malaba au Mutukula na kwenda kufungasha mzigo Kampala hulijua soko la Mtakatifu Balikuddembe, ingawa wengi bado huliita Owino. Jina hilo limo katika mazungumzo ya kila siku ya wauza mitumba, wapagazi na madereva wa kanda nzima. Mwenye jina hakuwa mchuuzi. Alikuwa mwajiriwa wa kasri, akauawa karibu na hapo kwa sababu ya namna alivyoifanya kazi yake.

Joseph Mukasa Balikuddembe, wa ukoo wa Kayozi, alizaliwa Buganda karibu mwaka 1860. Alipofikisha umri wa miaka 14 hivi alipelekwa kutumika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, ambaye wakati huo kasri lake lilikuwa juu ya kilima cha Lubaga. Huko ndiko mambo yote ya nchi yalikoamuliwa. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walileta nguo, shanga na bunduki, wakaondoka na pembe za ndovu na watumwa, na Kiswahili kilisikika barazani pamoja na Kiganda.

Kijana aliyetumika kasrini alikuwa na njia mbili za kupanda cheo: kufanya kazi vizuri au kujipendekeza. Mukasa alishika ya kwanza. Mutesa alipougua, alimweka miongoni mwa watu wachache wa kumuuguza usiku na mchana, kazi isiyopewa mtu asiyeaminika.

Mwaka 1879 wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Mapadre Weupe, wakitanguliwa na Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, walifika Buganda, wakapewa makao Nabulagala, jirani na Lubaga. Mukasa alijifunza kwao, akabatizwa Aprili 30, 1882. Mwaka huohuo wamisionari waliondoka nchini, naye akabaki kuwa mmoja wa viongozi wa waumini wenzake, wengi wao wakiwa watumishi wa kasri.

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mwanaye Mwanga, kijana wa miaka 18 hivi, alipotawazwa alimpa Mukasa usimamizi wa watumishi wa nyumba yake na ruhusa ya kumwonya pale atakapokosea. Cheo ni dhamana, naye aliipokea hivyo.

Mapema mwaka 1885 baadhi ya wakuu walipanga kumuua kabaka huyo mpya. Mukasa ni mmoja wa waliomfikishia Mwanga habari hiyo. Njama ikavunjika, lakini Katikkiro, yaani waziri mkuu, aliyetajwa kuhusika, alisamehewa na kubaki na wadhifa wake. Tangu hapo Mukasa akawa na adui mkubwa barazani.

Jambo la pili lilimgombanisha na kabaka mwenyewe. Mwanga alitaka kuwatumia kimwili vijana waliomtumikia. Mukasa, aliyekuwa msimamizi wao, aliona kuwalinda ni sehemu ya kazi yake. Aliwatuma mbali pale alipojua kwamba mmoja wao angeitwa, akawafundisha kukataa. Kwa kabaka hilo lilikuwa ukaidi, na kwa vijana, ambao hawakuwa na pa kushtaki, ndilo lililokuwa kinga yao ya pekee.

Kisha likaja la Askofu James Hannington, Mwanglikana aliyekuwa njiani kuja Buganda kwa kupitia Busoga, upande wa mashariki. Wakuu walimwona kila mzungu aliyetokea upande huo kuwa mtangulizi wa wavamizi. Kwa amri ya Mwanga aliuawa Oktoba 29, 1885, pamoja na wapagazi wake wengi.

Mukasa alimwendea kabaka akamwambia kwamba haikuwa haki kumuua mgeni bila kumsikiliza, na kwamba baba yake hakuwa akitenda hivyo. Alitumia ruhusa ileile aliyopewa siku ya kwanza ya kazi. Mtu huyohuyo ndiye aliyesema wakati uhai wa kabaka ulipokuwa hatarini. Safari hii Katikkiro alipata nafasi yake. Alimchochea Mwanga, na hukumu ikatolewa bila kesi.

Novemba 15, 1885, Mukasa, akiwa na umri wa miaka 25 hivi, alipelekwa Nakivubo. Inasimuliwa kwamba aliomba asifungwe mikono kwa kuwa hakuwa na nia ya kukimbia. Mukajanga, mnyongaji mkuu, alimheshimu kiasi cha kumkata kichwa kwanza ili asichomwe akiwa hai. Ujumbe aliouacha ulikuwa kwamba anamsamehe kabaka na kumsihi atubu.

Nafasi yake ilichukuliwa na Charles Lwanga, ambaye usiku wa siku hiyohiyo aliomba ubatizo, akaendelea kuwalinda vijana kama mtangulizi wake. Yeye aliuawa Namugongo Juni 3, 1886, siku ambayo sasa huwavuta mahujaji kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo.

Mwanga aling'olewa mwaka 1888. Aliporudi madarakani mwaka uliofuata, ilikuwa kwa msaada wa Wakristo, wakiwemo waliotumika naye kasrini, na ndipo alipowapa Wakatoliki kilima cha Lubaga, pale Mukasa alipoanzia kazi akiwa mtoto. Kanisa kuu lililopo leo lilikamilika mwaka 1925. Oktoba 18, 1964, Papa Paulo wa Sita alimtangaza Mukasa na wenzake 21 kuwa watakatifu.

Balikuddembe kwa Kiganda ni wale walio katika amani. Sokoni jina hilo hutamkwa kila siku na karani anayehesabu marobota, wakala anayejaza karatasi za forodha na dereva aliyekabidhiwa mali ya mwingine. Wote, kama yeye, hufanya kazi ya kuaminiwa.